Kawaida

Huku Tutuo kila kitu kina mizani.
Tumbaku hupimwa mbele ya mashahidi watatu,
ikipungua robo kilo ugomvi hadi magharibi.
Asali huinuliwa juani kwenye chupa
mnunuzi akague kama imetiwa maji.
Hata shairi, nasikia, lina mizani.

Damu ya mzazi tuliipima kwa macho.

Khanga moja imelowa: kidogo.
Khanga mbili na shuka: si haba.
Ikinifikia kwenye kandambili,
hapo ndipo nilipokimbia kumwamsha dereva.
Na daftarini, safu ya saba,
kwa mwandiko mzuri niliosifiwa chuoni,
miaka kumi na minne niliandika neno moja:
kawaida. Kawaida. Kawaida.

Neno hilo limo hata mbele ya jina la Nshoma Sungwa.

Mwezi wa tatu tuliitwa Tabora mjini kusikia utafiti.
Ukumbi una feni nne, inazunguka moja.
Mbele wamekaa watu ambao sikudhani wanajuana:
mhandisi Mihayo, mtu wa mabwawa,
bado ana tope la Igombe kwenye soli,
na Daktari Kasubi, anayefundisha maungo ya mwili,
binti mwembamba, sauti ya kukata mbao.

Mhandisi hakuhutubia. Alimwaga maji ya choya
juu ya shuka jeupe, akasema: kisieni.
Nilinyoosha mkono. Mia tatu, nikasema,
kwa sauti ya mtu aliyezalisha nusu ya tarafa.
Ilikuwa mia saba.
Hakuna aliyecheka. Shuka liliendelea kunywa.

Kisha Kasubi akachora mji wa mimba ubaoni,
misuli imepishana huku na huku,
mishipa ya damu inapenya katikati.
"Nani amelalia kitanda cha kamba?" akauliza.
Ukivuta kamba moja, zote zinakaza;
mji ukijikaza, kila mshipa unafungwa fundo lake.
Ukilegea, kila tundu ni mlango wazi.
Mikono yangu ilijua hilo zamani.
Haikuwahi kuambiwa kwa nini.

Tukapewa mifuko sita kila zahanati:
plastiki, mdomo mpana, mkia mwembamba,
mstari wa njano, mstari mwekundu.
Nikaona aibu. Kitu chenyewe ni kama faneli
ya kumiminia mafuta ya taa.

Nyamizi alijifungua saa nane usiku, mtoto wa nne.
Mtoto alilia, mama akaomba uji.
Jicho langu la zamani likachungulia, likaridhika,
likatamka neno lake.
Nikainamisha taa ya sola kwenye mkia wa mfuko.
Mia nne na themanini.
Nikavuta pumzi. Mia tano na ishirini.

Sindano. Dripu. Kiganja juu ya kitovu,
nakanda, nakanda, nahesabu kwa Kinyamwezi
kama mama alivyohesabu mapishi ya mtama,
ndani kumelegea kama unga uliozidi maji,
na mfuko hauna adabu, hausemi uongo, unapanda,
mpaka chini ya mkono wangu kitu kikajikunja
kikawa ngumi.
Kamba zote.

Ulisimama mia sita na kumi.

Asubuhi mumewe alikuja na baiskeli na dumu la asali.
"Alitoka damu nyingi?"
Nikamtajia namba. Akatikisa kichwa taratibu,
mkulima wa tumbaku; namba anazielewa.

Nikaiandika: 610.
Kisha nikafunua nyuma, kurasa nyingi,
hadi kwa Nshoma.
Sikulifuta lile neno. Wino haufutiki,
na hata ungefutika.
Niliweka alama ya kuuliza pembeni, ndogo,
mkaguzi asiione.

Mifuko imebaki mitano.
Barua ya kuomba mingine nimeandika mara mbili.