Nane, Kosa

Miaka ishirini na sita niliandika mchezo huu kwa penseli.
Kila mchezaji ana tarakimu yake;
yule wa katikati, nyuma kabisa,
majani yanakopakana na ukuta, ni nane.
Kwa hiyo Ofad Lekal kwangu alikuwa nane
kabla hajawa mtu.

Jezi yake ilibeba jina la Kichina,
alilopewa na karani wa shule huko Taitung
aliyechoka kuuliza matamshi.
Mama yake alimwita Ofad,
kwa sauti ya kuvusha mto,
hata siku ya fainali, jukwaa zima likageuka.

Hesabu ndiyo kazi yangu, basi nihesabu:
misimu kumi na minne,
mipigo elfu moja na sitini na mmoja,
tuzo tatu za glavu ya dhahabu
(moja huzuia mlango wa banda la kuku usibamizwe na upepo),
na bega lililochomoka Tainan, akalirudisha
kwa kujigonga ukutani, akaomba mpira uendelee.
Hilo sikuliandika.
Karatasi yangu haina kisanduku cha bega.

Mpira aliujua kwa mlio.
Gongo likisema ko, keshageuka,
anakimbia bila kutazama
kama mtu aliyekumbuka chungu alichokiacha motoni;
na mpira ulimkuta hukohuko,
ukaingia ngozini kwa adabu.

Kisha ukaja mwaka wa bahasha.
Watu wa kamari walilala hoteli moja na timu.
Mrushaji wetu akanunua gari jekundu.
Namba sita akaitwa kuhojiwa, hakurudi.
Samaki mmoja akioza, walisema jukwaani,
na hawakuimalizia methali; walitupa chupa.

Septemba. Kipindi cha saba, wawili vituoni.
Mpira mwepesi, mpira wa mtoto.
Ofad akainua glavu, akatulia,
na mpira ukaanguka hatua mbili nyuma yake,
majanini, bila haraka.

Mkono mtupu haulambwi.
Wa kwake usiku ule ulitemewa mate.
"Kauza!" Watu elfu tisa, neno moja.
Nami nikaandika: nane, kosa.

Waliomhoji aliwawekea mezani kitabu cha benki na kofia.
Akasema: mnara wa kushoto, taa ya tatu.
Basi.

Watu walipokwisha nilishuka,
nikasimama pale njumu zake zilipochimba,
nikainua uso.
Kimbunga cha Agosti kiliipinda ile taa.
Ilinimwagia weupe,
sikuona hata kiganja changu.

Kanuni ilinipa saa ishirini na nne za kubadili.
Mpira uliopotelea kwenye mwanga, usioguswa,
si kosa la mtu, ni pigo la mpinzani.
Nilijua hivyo. Nilijua pia
watakavyouliza: mwandishi naye kalipwa ngapi?
Penseli ile ninayo bado.
Kifutio chake ni kipya.

Alicheza misimu minne zaidi,
akidaka kila kitu, akizomewa kwa kila kitu,
mpaka wazomeaji wakazeeka.

Sasa analima matopetope bondeni kwao.
Kila Desemba huniletea sanduku,
yamefungwa gazeti moja moja
yasichubuane.
Hajawahi kuniuliza.
Hukaa kidogo, hunywa chai,
hulaumu mvua,
kisha huwahi treni ya saa kumi.