Nusu ya Boga

Alhamisi saa kumi, giza limeshatanda Crickhowell.
Bandani taa moja, mizani, ubao wa chaki:
karoti kilo, liki tatu, sukuma konzi moja,
boga nusu.

Glenys analipasua kwa panga la baba yake,
nusu yangu, nusu ya Emrys wa posta.
Mimi naye hatujasalimiana tangu kiangazi,
mambo ya uzio.

Nililipa mwezi wa tatu. Nililipia udongo mtupu,
jina daftarini kama mchango wa harusi
na bwana harusi hajazaliwa.
Kisha Novemba theluji ikazilalia kabichi siku tisa,
zilipofunuliwa zilikuwa maji.
Hakuna aliyedai chake. Jumapili tulikwenda,
watu kumi na wanne, glavu za kuazima,
kung'oa kilichobaki,
vidole vikiuma kama vimebanwa mlangoni.

Kuna mzizi mweupe humu, karoti iliyoshtuka.
Sina jina lake. Mama simuni: "Muhogo?"
Namwambia ni kitu kinachongoja jalidi
ndipo kikolee utamu.
Anacheka: "Basi ni babako."

Sukuma nayo, baridi imeitia sukari.
Nimeikaanga na kitunguu,
wiki ikasogea kidogo.

Boga liko mezani, upande uliokatwa unatoka jasho.
Ng'ambo ya uzio dirisha la Emrys lina mvuke.
Najua anachopika.
Kesho nitamuuliza
mbegu zake kazitupa wapi.