Herufi ya Kooni

Qafu hukaa nyuma kabisa, karibu na pa kumezea mate.
Kafu iko mbele kidogo, jirani tu, ukuta kwa ukuta.
Muzna ametoka Wete juzi, na kwao Wete
nyumba hizo mbili zina mlango mmoja.

Nilimwambia asome. Ubeti wa tatu,
msichana anaisifu nchi: qalbi, moyo wangu.
Muzna akasimama, akaweka kidole chini ya mstari,
akasema kalbi.
Mbwa wangu.

Darasa la saba, wasichana thelathini na mmoja,
Jumapili asubuhi, kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Kicheko kilianzia dirishani kwa Ibtihal,
kikapita safu kwa safu kama karatasi za mtihani.
Nami, niandike hapa maana kwenye fomu hapana nafasi yake,
nami nilitabasamu.
Kidogo. Pembeni mwa mdomo.
Watoto huziona pembe za midomo yetu
kabla hawajauona ubao.

Kesho yake wakaanza kumbwekea.
Si kwa kishindo. Wasichana hawabweki kwa kishindo.
Hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio,
hutoa "wu" moja, ndogo, safi,
ukigeuka unakuta nyuso zimeinamia hesabu.
Penye mtambo wa maji baridi, wu.
Ngazini, wu. Basini, kiti cha nyuma, hadi Soko la Sib.
Siku moja ndani ya mkoba wake wakatia mfupa wa kuku,
wameufunga utepe kama zawadi ya Idi.

Muzna akaacha kusoma.
Kisha akaacha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.
Kisha akaacha kunywa maji,
na Khoudh ilikuwa Mei.

Fomu ya mwenendo ina visanduku vinne:
onyo, barua kwa mzazi, kikao, kusimamishwa.
Nilivijaza kwa wino wa buluu. Nikafoka.
Kufoka kulifaa siku mbili;
siku ya tatu "wu" ikahamia pale nisipofika.

Ndipo nikapiga simu kwa kina Ibtihal.
Akapokea bibi. Nikaanza na Kiarabu changu cha kazini,
naye akanikata kauli:
"Nani mwenzangu? Sema upesi, mwanangu, chapati zaungua."
Kiswahili cha Chake, hakijanyauka hata jani
kwa miaka hamsini ya jua la huku.
Nyuma yake nikasikia sauti niijuayo:
"Bibi! Kiarabu! Ongea Kiarabu!"
Sauti ya mtoto afungaye dirisha
kabla jirani hajachungulia.

Ningeweza kulipeleka darasani.
Lingemkomesha, naam,
na mbwa angehama dawati tu.

Nikapeleka langu.
Nikasimama mbele, nikasema siku ile nilicheka.
Nikasema nilifika Maskati nina miaka tisa,
nikaomba qalam, nikatamka kalam,
mwalimu akanijibu: maneno unayo tele, keti.
Nikakaa mwaka mzima nikiandika kwa kucha.
Hakuna aliyecheka. Ndoo ya kiyoyozi ikajaa, ikamwagika,
hakuna aliyeinuka.

Sikuwakalisha pamoja. Mtu hakalishwi
na aliyembwekea, eti wapatane.
Ibtihal nimemtoa dirishani, yuko mbele yangu.
Na kila mapumziko, chai yangu nainywea penye mtambo wa maji,
nimesimama, miguu inauma,
walimu wenzangu wananiuliza nimepewa adhabu gani.

Wu bado ipo. Juzi nimeisikia ngazini, mara moja.
Muzna leo kanywa maji. Nusu kikombe.

Na Ibtihal alinifuata nikifunga darasa:
"Abla, ulizungumza na bibi yangu?"
Nilizungumza naye.
"Alisema nini?"
Alisema chapati zaungua.

Akainua ncha ya mtandio, akaufunika mdomo,
mabega yakatikisika,
nami nikasimama, funguo mkononi,
nikingoja itatoka sauti gani.