Wikio

Nyumba yetu Mkomani ina wikio,
daraja juu ya ujia: mama huvuka
kwa shangazi bila buibui, bila hodi.
Famau aliipenda njia hiyo hata kwenye kompyuta
tuliyoiunga na televisheni ya chumba cha ndani.

"Mfumo endeshi ni bawabu mzito wa masikio.
Unamwomba nukta moja, anaandika barua."
Akatia namba mwenyewe, moja kwa moja kwenye kumbukumbu,
anwani 53280,
na ukingo wa skrini ukawa samawati
kabla sijapepesa jicho.

Mimi nilibisha hodi.
Programu yangu ya hesabu za duka ilijikongoja
kama punda mwenye shehena ya matumbawe.
Alinicheka mpaka akakohoa.

Halafu Ami Lali akaleta mashine mpya toka Maskati.
Kwa nje nyumba ile ile; ndani, kuta zimehamishwa.
Famau akavuka kama kawaida,
akakanyaga hewa.
Skrini nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi.
Yangu ikajikongoja, ikafika,
ikatoa jumla ya unga na mafuta ya taa.

Sikumcheka.
Usiku nilimsikia akigonga namba moja moja,
anapapasa ukuta, anatafuta
mlango wameuweka wapi.
Nikaamka, nikamshikia taa.