Kuliko

Jumanne na Alhamisi, nikitoka kiwandani
vumbi la kahawa likiwa bado kwenye nyusi,
napanda ngazi za nyuma ya duka la vipuri, barabara ya Rengua,
hadi chumba cha madawati tisa na taa moja inayokonyeza.
Mwalimu Aisaria hafundishi kwa kuimbisha.
Anagawa nchi.
Kila dawati nchi mbili, karatasi mbili:
"Shikeni Finlandi. Shikeni Paragwai. Linganisheni."

Karatasi zote zina vyumba vilevile:
mji mkuu, eneo, watu, lugha, hali ya hewa,
wanachokula, wanachouza nje.
Nchi nzima imekunjwa ikaenea kwenye bahasha ya kaki,
mito yao mstari mmoja,
vita vyao tarehe.

Kundaeli, mpagazi, anasoma kama anayepanda mlima,
neno, pumzi, neno:
"Finlandi. Iz kolda. Dhan Paragwai."
"Baridi muulizeni yeye," anasema Manka wa saluni,
"aliyelala Barafu na soksi moja."

Mimi neno lililonishinda nililitafuta kwenye kamusi:
maziwa.
Nikaandika, Wafini wanafuga sana.
Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Kwetu neno halijikwezi.
Kubwa ni kubwa; ukitaka kupima
unamwita kuliko, anasimama katikati
kama karani wa mizani asiye na shangazi kijijini.
Kwa Kiingereza neno lenyewe huota mkia:
big, biga, bigest.
Na gudi, maskini, akizidi kidogo tu
analikana jina alilopewa na mama yake,
anataka aitwe beta.
Nawajua watu wa hivyo.
Mmoja ni shemeji yangu.

Chini kabisa ya karatasi ya Finlandi:
wanakunywa kahawa kupita karibu watu wote duniani.
Nikauliza wanailima wapi.
"Hawalimi."
Hata mbuni mmoja?
"Theluji, Ndeshi. Ungeota wapi?"

Mama yangu, Kibosho, amechuma kahawa miaka arobaini
na anakunywa chai.
Mwaka bei ilipoanguka baba alishika panga,
akaangusha mibuni mia na ishirini kabla ya saa nne,
akapanda nyanya, hakusema neno mpaka Jumapili.

Kulinganisha mimi nakujua kwa vidole.
Kutwa nzima mezani nachambua punje,
kubwa huku, ndogo kule, iliyovunjika sakafuni.
Punje ina upande bapa kwa sababu ilikua
ikitazamana na pacha wake tundani,
wakabanana, kila mmoja akamsawazisha mwenzake uso.
Ile iliyoota peke yake huwa ya mviringo.
Tunaiita pibii. Ina gunia lake.

Zoezi la mwisho: jaza nafasi.
Tanzania iz nukta nukta nukta dhan Finlandi.
Manka akaandika biga.
Kundaeli akaandika hota, akafuta,
akauliza kama mtu anaweza kuwa taiyada.
Mimi penseli iligoma.
Nikaruka nafasi, nikageuza karatasi,
nikaandika upande wa pili, kwa Kiingereza changu cha magongo:

Mji mkuu: jikoni.
Eneo: robo tatu ya ekari, na mfereji.
Watu: mmoja. Ng'ombe: mmoja.
Lugha: Kichaga kwa ng'ombe, Kiswahili kwa daktari.
Hali ya hewa: magoti yanauma Julai.
Anachouza nje: zamani kahawa,
siku hizi watoto.

Alhamisi karatasi ilirudi na wino mwekundu.
Ameniongezea dha saba, kila moja mahali pake,
kama vifungo vilivyokatika kwenye shati.
Alama hakutoa.
Pembeni aliandika swali moja dogo:
Na kinywaji?

Nikajibu palepale, nimesimama, begi begani:
Ti. Blak. No shuga.