Maliza Dozi

Jumanne, kabla ya zamu, niliona chembe moja
kwenye pezi la gapi mwekundu. Nikadhani chumvi.
Nikadhani kiputo cha hewa. Mtu hudhani anachotaka.
Alhamisi walikuwa wamenyunyiziwa wote,
neoni, gapi, hata kambare mdogo wa chini,
wakijikuna kwenye jiwe, ubavu huu, ubavu ule,
kama sisi watoto tulipomezeshwa klorokwini
tukasugua migongo kwenye miimo ya milango.

Kosa ni langu. Jumamosi nilimleta mgeni
kutoka duka la Bwana Alderson, nyuma ya stesheni,
samaki wa pauni mbili, peke yake konani.
Nikamwonea huruma. Sikumtenga hata usiku mmoja.
Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe;
mimi nilimpa nyumba nzima pale pale mlangoni.

Bwana Alderson alinichorea nyuma ya risiti:
duara chini ya ngozi, duara kwenye kokoto,
kisha nukta, nukta, nukta, mpaka karatasi ikaisha.
"Kimelea kikiwa mwilini, dawa haikigusi.
Kikijifungia kwenye kokoto, haikigusi.
Ni pale tu kinapoogelea kutafuta mwili.
Kwa hiyo humtibu samaki, mama. Unatibu maji,
na unangoja."
Chupa pauni saba. Dawa ya buluu. Nusu kipimo,
kwa ajili ya kambare, asiye na magamba.

Nikatoa mkaa kwenye chujio. Nikavuta uchafu kwa mpira,
robo ya maji ikaenda ndooni,
vidole vikawa buluu kama vya mpiga kura.
Nikapandisha joto, nyuzi moja, kesho nyingine,
hadi thelathini. Hapa Sunderland, Novemba,
umeme wa kulipia kabla.
Madirisha yakatoka jasho. Mimi na Tunu
tulikula ugali tumevaa makoti,
tukiwatazama samaki wanaishi Tanga.

Siku ya tano, ngozi zote safi.
Tunu akaruka juu ya kochi: "Wamepona!"
Nilitaka kukubali. Mita ilikuwa na pauni moja na peni kadhaa.
Lakini nikamwona mama, Korogwe,
mimi nimeshaanza kucheza uani,
yeye kasimama na kidonge kiganjani:
"Homa imetoka, sawa. Imekwenda wapi?
Fungua kinywa."

Nikamwonyesha Tunu kokoto.
"Vimehamia pale," nikasema. "Vinazaana.
Vitatoka na njaa."
Usiku ule hakukisogelea kioo.

Tuliwapoteza watatu. Neoni wawili,
kisha gapi mwekundu, yule wa chembe ya kwanza;
asubuhi nilimkuta kang'ang'ania mdomo wa pampu
kama kitambaa kilichoanguka kambani.
Tunu alitaka azikwe. Ardhi ilikuwa imeganda,
tukachimba kwa kijiko kwenye chungu cha mnanaa.
Aliyeuleta ugonjwa ni mzima. Anakula vizuri.
Sina la kumwambia.

Siku kumi baada ya doa la mwisho
nikarudisha mkaa, nikaanza kushusha joto
polepole, nyuzi moja kwa siku,
na maji yakaacha kuwa buluu bila kutuaga.

Sasa ndoo nyeupe inakaa chini ya sinki,
na kipasha joto chake, na chujio chake kidogo.
Wiki tatu kwa kila atakayekuja, nimeapa.
Tunu ameiandika kwa kalamu nene: WAGENI.

Jana, povu la dawa ya meno mdomoni, akauliza
kama na sisi, tulipokuja, tuliwekwa ndooni.
Nikamwambia walinipiga picha ya kifua, Dar,
kabla ya tiketi: vuta pumzi, ishike, usitikisike.
Yeye alikuwa mdogo, alisubiri nje na mjomba.
"Wakaona nini?"
"Mbavu," nikasema,
nikatafuta kadi ya mita, nikavaa viatu.