Kipengele cha Saba

Mihayo wa steshenari anazungusha gurudumu la kipanya,
miaka inashuka kiooni kama ndoo kisimani:
tisini na tisa, tisini na mbili, themanini na tano.
“Bado, mama?”
Bado.
“Hata hapa?”
Teremsha tu, mwanangu, mimi niko huko chini.
Sabini na tatu. Kamba ikalegea.
Akanitazama kama aliyesikia maji.

Jina: Kalunde Shabani Lugusha.
Kazi: mteuzi wa tumbaku, ghala la chama, Tabora.
Programu unayoomba: Uzamili, Sanaa, Uchoraji.
Hapo vidole vyake vikasita.
“Uchoraji wa ramani?”
Wa picha, Mihayo. Andika.

Ada nimelipa juzi usiku kwa simu,
ile hela ya bati la jikoni.
Masika yakija tutahamisha sufuria;
sufuria zetu zimezoea safari.

Cheti cha shahada kipo, nimekifunga kwenye nailoni:
miaka tisa ya chuo huria, somo moja moja,
kitabu gotini, Sada kifuani, chemli ikitoa moshi.
Nilipofika mtihani wa mwisho
Sada ndiye aliyenisomea maswali kwa sauti.

Picha ziwe kumi na tano, na uzito usizidi.
Uzito! Mimi ninayeishi na mzani
naambiwa picha zangu ni nzito, zipunguzwe.
Nimezichora juu ya vipande vya gunia,
kwa masizi, kwa ngeu, na kwa ule utomvu mweusi
unaoganda vidoleni ikifika saa kumi,
usiojua sabuni wala ndimu.
Mgongo wa Hadija chini ya robota.
Behewa la mizigo lililosahauliwa, mbuzi kivulini mwake.
Mikono yangu, mara nne,
maana ndiyo pekee inayokubali kutulia nikiitazama,
tena kwa shida.

Wadhamini wawili, wanaokufahamu kitaaluma.
Mwalimu Ntahondi, aliyenipa penseli ya kwanza laini,
amelala makaburini, hana barua pepe.
Mmoja nimempata chuoni. Wa pili nikamwomba Bwana Kisanji,
mkuu wa zamu, asiyejua picha ila ya kitambulisho.
Akaandika anachokijua, kwa kalamu, herufi kubwa:
HALINA UKUNGU. RANGI IMEFIKA HADI KWENYE KIKONYO.
LIMEKAA GHALANI MUDA MREFU, HALIJAVUNJIKA.
NASHAURI LINUNULIWE.
Nikacheka mpaka Hadija akageuka.
Halafu nikaenda bombani kunawa uso.

Kipengele cha saba:
Eleza pengo kati ya masomo yako na ombi hili.
Mistari mitano.

Pengo.
Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya meza ile,
dirisha la kaskazini kushoto kwangu,
nikitenga limau na chungwa, chungwa na mahogani,
na kati yake kahawia saba zisizo na jina kitabuni,
ambazo mnunuzi hazioni
na mkulima anazilipia.
Moja ina wekundu wa ulimi wa mbwa.
Moja hugeuka mtu akisimama kwenye mwanga.
Nani mwingine amelipwa, japo kidogo,
kutazama rangi tangu asubuhi mpaka kengele?

Nikamwambia Mihayo: andika, Nilikuwa kazini.
“Mistari minne imebaki, mama.”
Iache.

Duara likazunguka, likazunguka, umeme ukakonyeza,
likazunguka tena. Kisha: Ombi limepokelewa.
Nikalipa shilingi elfu tatu na mia tano.
Mia tano akanirudishia, hakusema ya nini.

Mchana nikarudi ghalani.
Jani likanijia mkononi, katikati ya daraja mbili.
Kanuni inajulikana: likiwa na shaka, lishushe.
Nikalipeleka dirishani.
Bwana Kisanji aliniona, akajifanya anahesabu marobota.
Nilisimama nalo pale,
mishipa yake yote ikiwaka,
na foleni ya magunia nyuma yangu
ikisubiri.